Kuchagua Chuma cha Kulehemu Waya Nene za Motokaa na Trekta

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya wakulima wa Akheri, na jirani zao wa Nkoaranga, Poli na Tengeru, wenye motokaa ndogo ya mizigo, trekta, au lile trekta dogo liongozwalo kwa mikono. Shabaha yake ni kumwonyesha mkulima namna ya kuchagua chuma cha kulehemu kinachofaa kwa waya nene za vyombo hivyo. Na kumwonyesha kadhalika ni waya zipi zisizofaa kulehemiwa kamwe, hata chuma kiwe kizuri namna gani.

Mtu aweza kuuliza, Waya na lehemu zina habari gani na kilimo? Jawabu lake lipo sokoni Tengeru kila Jumatano na Jumamosi. Nyanya zilizochumwa Ijumaa na kupangwa katika matenga haziwezi kungoja Jumatano. Maziwa ya jioni hayangoji hata usiku mmoja. Na masika yakianza, siku ambazo udongo wetu wa majivu ya volkeno huwa umelowa kiasi cha kulimika, wala haujawa tope, ni chache mno. Trekta likilala siku nne kwa sababu ya waya mmoja, mwenye shamba apungukiwa mahindi ya mwaka mzima. Siku hizi ni nyumba nyingi kabisa zinazotegemea motokaa au trekta, la kwao au la kukodi, na umeme wa chombo hicho ndio unaoharibika mara nyingi kuliko injini yenyewe.

Nitaeleza jambo moja lililotokea, maana ndilo lililonifanya niandike. Mkulima mmoja wa upande wa juu wa Akheri alikuwa na motokaa ya mizigo ambayo waya wake utokao katika alteneta kwenda kwenye beteri ulikatika kwa kusuguana na bodi. Fundi mmoja wa njiani aliuunga kwa kuusokota, akayeyusha lehemu juu yake kwa chuma kidogo cha kutengenezea redio, akafunga utepe mweusi. Kwa macho kilikuwa kiungo kizuri. Siku kumi baadaye, usiku wa kuamkia soko, gari likiwa na matenga ya nyanya na ndoo za maziwa, taa zilififia, kisha moshi ukatoka chini ya boneti. Lehemu ilikuwa imeyeyuka ikadondoka, utepe umeungua, na waya tatu za jirani zimeungana kwa kuchomeka maganda. Mwenye gari aliwahi kufungua beteri kabla moto haujafika penye mpira wa mafuta. Gari lilipona, lakini nyanya zile ziliuzwa Jumanne kwa wafuga nguruwe.

Basi kosa lilikuwa wapi? Fundi yule hakuwa mvivu, wala lehemu yake haikuwa mbaya. Chuma chake kilikuwa kidogo kuliko waya.

Joto la chuma na unene wa waya

Wauzaji wengi hukisifu chuma kwa digrii zake. Husema, Hiki chafika digrii 400, au 450, kana kwamba hapo ndipo maneno yote yaishapo. Lakini lehemu ya kawaida, ile ya bati sehemu 60 na risasi sehemu 40, huanza kuyeyuka kwa digrii 183 tu na kuwa majimaji kabisa karibu na digrii 190. Lehemu isiyo na risasi yataka digrii 217 au 220 hivi. Hata chuma kidogo kabisa cha redio huzipita digrii hizo. Digrii hazikosekani, kinachokosekana ni wingi wa joto.

Mkulima wa Meru hahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa umeme, kwa kuwa alijua tangu utoto kutokana na mfereji. Fungua maji kidogo katika mfereji mrefu uliokauka: maji hayo ni maji kweli, tena baridi na safi kama ya mfereji mkubwa, lakini ardhi huyanywa njiani, na shamba la chini halipati tone. Waya nene wa shaba hufanya vivyo hivyo kwa joto. Shaba hupitisha joto upesi sana, mara tano hivi kuliko chuma cha kawaida. Ukiigusa kwa ncha ndogo, joto hukimbia kulia na kushoto ndani ya waya, wala mahali pa kiungo hapapati moto wa kutosha. Lehemu huyeyuka kwa kuigusa ncha ya chuma, lakini ikishuka juu ya shaba iliyo baridi huganda juu yake kama uji uliomwagika juu ya jiwe. Haikushikamana, imekaa tu.

Wingi wa joto linalotolewa na chuma kwa kila sekunde hupimwa kwa wati, na hesabu yake si ngumu. Twaa waya wa milimita mraba 10, ambao ni wa kawaida katika alteneta. Sentimita 20 za waya huo, yaani 10 kila upande wa kiungo, zina gramu 18 hivi za shaba. Kuzipasha kutoka digrii 20 hadi 220 kungechukua chuma cha wati 30 karibu sekunde 46, kama joto lote lingeingia katika waya bila kupotea hata chembe. Lakini sehemu kubwa hupotea hewani, sehemu nyingine huzidi kukimbia kwenye waya uliobaki, na ncha nyembamba haiwezi kupitisha lote. Kwa hiyo sekunde 46 huwa dakika nyingi, au haziishi kabisa. Chuma cha wati 150 kingefanya kazi ile ile, kwa hesabu ile ile, kwa sekunde 9.

Na hapa liko jambo ambalo watu wengi hulifikiri kinyume. Husema chuma kikubwa kitaunguza ganda la waya, afadhali kidogo. La, sivyo. Ganda la waya ni la plastiki, na aina ya kawaida imefanywa kuvumilia digrii 70 tu. Chuma kidogo kikishikwa dakika tatu, joto hutembea polepole chini ya ganda hata likalilainisha kwa urefu wa kidole. Chuma kikubwa humaliza kazi na kuondolewa kabla joto halijafika huko.

Kiungo kibaya chafanya nini

Ubaya wa kiungo hauonekani sana katika waya nyembamba, na ndiyo sababu mafundi wa taa huweza kudumu na chuma kidogo miaka mingi bila lawama. Tuseme kiungo kimeacha kizuizi cha sehemu moja ya mia ya ohmu. Katika taa ya mbele yenye ampea 5, kizuizi hicho hutoa robo ya wati tu. Mkono hautasikia hata vuguvugu. Lakini joto la kiungo hukua kwa ampea mara ampea. Katika waya wa stata, wenye ampea 200, kiungo kile kile hutoa wati 400, na kuila beteri volti 2 kati ya 12 zake. Stata hulia kama mgonjwa wala injini haiwaki.

Katika waya wa alteneta uliotajwa hapo juu, ikiwa mashine yatoa ampea 60 na kizuizi ni sehemu mbili za mia, joto ni wati 72. Yaani kiungo chenyewe kimegeuka kuwa chuma cha kulehemu, tena kikubwa kuliko kile kilichokitengeneza, nacho hujiyeyushia lehemu yake chenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa gari lile.

Kununua chuma cha umeme

Kwa waya hadi milimita mraba 1.5, ambao ni unene wa waya za taa za nyumbani, wati 30 au 40 zatosha. Waya wa 2.5, kama ule uendao kwenye soketi za ukutani, na ule wa 4, zataka wati 60 hadi 80. Kwa 6 na 10 tafuta wati 100 hadi 150. Kuanzia 16 kwenda juu ni wati 200 au 300, au chuma cha makaa nitakachokieleza. Ila waya nyingi za unene huo hazifai kulehemiwa, kama utakavyosoma mbele.

Mwenye nyumba moja na gari moja, ninamshauri anunue cha wati 100, akiache cha wati 30 kwa watengeneza redio. Kile chenye kurekebishwa digrii kwa kifungo, kikaacho juu ya meza na taa zake, ni chombo kizuri sana kwa kazi yake, lakini kazi yake si gari lako. Usidanganywe na bei yake kubwa.

Dukani soma wati palipopigwa chapa kwenye mpini au kwenye bamba, usisikilize maneno tu. Kisha tazama kichwa. Kichwa chembamba kama kalamu hakifai hata kama imeandikwa wati 100, maana joto litakwama ndani. Kichwa kinachofaa ni kinene kama kidole gumba, chenye uso uliokatwa bapa kama patasi, ili kipate kulala juu ya waya na kuugusa kwa upana. Kishike mkononi: kiwe kizito, maana uzito wa shaba ndio ghala ya joto. Kisha uone kwamba plagi yake ina pini tatu na kwamba waya wa ardhi umefika kweli kwenye mwili wa chuma.

Kuna chuma cha namna ya bastola, chenye waya mnene wa shaba uliokunjwa mbele, ambacho hupata moto kwa sekunde chache ukivuta kitufe. Ni kizuri kwa kiungo kimoja kimoja, na hakikai kinawaka bure. Lakini ncha yake ni nyembamba wala haina ghala, basi wati 100 zake hazilingani na wati 100 za kichwa kizito. Kwa waya wa 4 chaweza, kwa 10 chashindwa.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kabisa ni habari ya nguvu ya umeme nyumbani kwako. Wati zilizoandikwa ni kwa volti 230. Walio mwisho wa laini huona taa zikififia jioni watu wote wakiwasha pasi na majiko. Volti zikishuka hadi 180, chuma cha wati 100 hutoa wati 61 tu, kwa sababu nguvu hupungua kwa volti mara volti. Basi kazi ya waya nene ifanywe asubuhi au adhuhuri. Au kununua kifanywe kwa kuongeza daraja moja. Vile viunganishwavyo na beteri ya gari ya volti 12 kwa kawaida ni vya wati 40 au 60. Vyasaidia njiani, lakini si kwa waya mnene. Tena gari ambalo waya wake mkubwa umekatika huenda halina beteri ya kukupa.

Chuma cha makaa

Sasa nataka kukaa kidogo juu ya chombo ambacho watu wamekidharau kwa sababu ni cha zamani, nacho kwa kazi hii chapita vingi vya dukani. Ni kile cha mafundi mabati: kipande cha shaba nyekundu, kilichochongoka au kuwa bapa upande mmoja, kimetiwa katika fimbo ya chuma yenye mpini wa mti, nacho hupashwa moto katika jiko la makaa. Mafundi watengenezao mifereji ya mapaa na vibatari hukitumia, na mwingine aweza kukufanyia ukimletea shaba.

Fikiri hesabu ile. Kichwa cha shaba cha nusu kilo kikitolewa motoni na digrii 400, na kutumika hata kipoe kufika 250, kimetoa joto ambalo ni karibu mara 20 ya lile la kupasha sentimita 20 za waya wa milimita mraba 10. Hakiombi volti za mtu. Kikiguswa, waya mnene hukubali mara moja. Gramu 250 zatosha kwa waya wa 6. Nusu kilo kwa 10 na 16. Mafundi hodari huwa na viwili, kimoja motoni, kimoja mkononi, ili kazi isingoje.

Wakati wa kununua, chukua sumaku. Sumaku haishiki shaba. Ikishika, basi umepewa chuma kilichopakwa rangi. Kisha piga tupa pembe moja uone wekundu ndani. Kipande cha shaba ya manjano nacho usikikubali, kwa sababu hupitisha joto vibaya kuliko shaba nyekundu.

Makaa yawe mekundu yasiyo na moshi, na ncha iliyopakwa bati isizikwe ndani ya makaa. Sehemu ya nyuma ndiyo ipashwe, joto lije mbele lenyewe. Ulimi wa moto ukianza kuwa wa kijani kando ya shaba, chuma kiko tayari. Kikiwa chekundu kimepita kiasi, bati yake imeungua, nawe utapaswa kukipiga tupa na kukipaka upya. Fanya kazi mahali pasipo upepo, mbali na mabua ya ng'ombe na chupa za petroli. Hili la petroli nalisema kwa sababu nimeona jiko limewekwa chini ya tangi.

Kikundi cha nyumba kumi chaweza kuwa na kichwa cha nusu kilo kimoja, na kila mtu akawa na chake cha umeme cha wati 100 au asiwe nacho. Chombo kama hiki hakiharibiki kwa kuazimwa.

Lehemu, dawa yake, na waya wenyewe

Chuma kizuri hakitaokoa lehemu mbovu. Wako watu wavunjao beteri za zamani, wakayeyusha mabamba yake wapate risasi ya kulehemia. Jambo hili ni baya pande mbili. Risasi tupu huyeyuka kwa digrii 327, wala haishiki shaba vizuri pasipo bati. Na moshi na vumbi lake ni sumu inayoingia katika damu, hasa ya watoto, ikawaharibu akili polepole bila kuonekana. Nunua lehemu ya waya, iliyoandikwa sehemu za bati na risasi, yenye dawa ndani yake.

Dawa hiyo iwe ya utomvu wa msonobari uliosafishwa. Misonobari twaiona kila siku katika msitu uliopandwa kwenye mteremko wa mlima, lakini utomvu mbichi wa mti usiutumie. Wa dukani umetolewa mafuta yake. Asidi ya mafundi mabati, ambayo huifanya lehemu ishike mabati upesi sana, usiiruhusu iguse waya wa gari. Baada ya miezi michache huzaa kutu ya kijani, ikatambaa chini ya ganda mahali usipoona, hata waya ukakatika wenyewe. Ukimwazima fundi mabati chuma chake, kifute vizuri kwanza.

Na waya wenyewe uuchunguze. Siku hizi huuzwa waya nene za bei nafuu, za kuunganishia beteri hasa, ambazo nje zina wekundu wa shaba na ndani ni aluminiamu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe, ni hiyo. Waya huo hupitisha umeme karibu theluthi mbili tu ya ule wa shaba wa unene ule ule, na lehemu haina mshiko wa kuaminika juu yake. Hakuna chuma cha kulehemu kitakachouponya.

Waya zisizolehemiwa

Waya wa beteri kwenda kwenye stata, na ule wa beteri kwenda kwenye bodi, usiulehemu. Nasema hivi nikijua kwamba wako wazee waliofanya hivyo miaka yao yote. Kwanza, lehemu hunywewa na nyuzi za waya na kupanda juu kwa sentimita kadhaa. Mahali inapoishia, waya ulio laini hukutana na ulio mgumu kama msumari, na mtikisiko wa trekta huukata papo hapo. Pili, kiungo cha stata kikipata kizuizi kidogo tu hutoa joto la kuyeyusha lehemu, kama tulivyoona. Na lehemu ikitoka, kizuizi kinazidi.

Ncha za waya hizo zibanwe kwa mashine. Kipande cha shaba chenye tundu huvalishwa waya, kisha hubanwa kwa koleo kubwa la mafuta hata nyuzi na kipande viwe kitu kimoja, bila hewa katikati. Mafundi wa umeme wa magari mjini Arusha wenye koleo hilo wapo. Peleka waya wa kale uwe kipimo, wakukatie mwingine wa urefu na unene ule ule. Kugonga kipande hicho kwa nyundo juu ya jiwe si kubana, ijapokuwa chaonekana kimeshika. Vuta kwa nguvu, nawe utaona.

Kwa hiyo kazi halali ya chuma cha kulehemu ni waya za katikati: waya wa alteneta uliokatika mbali na ncha zake, waya za taa za tela, za honi, za feni, za pampu ya kunyunyizia dawa iliyofungwa kwenye gari, na za swichi ya ufunguo.

Kufanya kiungo

Fungua waya hasi wa beteri kwanza, kabla ya chanya, na uuweke mbali. Beteri iliyotoka kuchajiwa hutoa hewa inayoripuka, basi usilete chuma cha moto wala makaa karibu nayo. Vua ganda, kwangua shaba ing'ae. Usisahau kuvalisha kipande cha bomba la plastiki linalonywea kabla ya kuunga, maana baadaye haliingii. Kisha ufungamanishe nyuzi zishikane zenyewe kwa nguvu ya mikono: lehemu si gundi, wala haipasi kubeba uzito wa waya. Kiungo kisichoshika kabla ya lehemu hakitashika baada yake.

Paka ncha ya chuma lehemu kidogo ili joto lipite, uilaze bapa chini ya kiungo, na lehemu uiguse juu, kwenye waya, si kwenye chuma. Waya ukiwa tayari utainywa wenyewe, nayo itaingia kati ya nyuzi kama maji yaingiavyo mchangani. Ondoa chuma, usitikise mpaka igande. Lehemu yenye risasi hung'aa ikishika vizuri. Ikiwa na ukungu na mabonge, rudia. Ile isiyo na risasi huwa na ukungu kwa asili yake, basi hiyo ihukumu kwa kingo zake: ziwe zimelala juu ya shaba, zisiwe zimeviringana kama tone la maji juu ya jani la yugwa. Nywesha bomba la plastiki, kisha funga waya kwenye bodi pande zote mbili, kwa umbali usiozidi shibiri, usipate kucheza.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na zaidi kabla ya kukamua. Kwa neno hili la maziwa sina mchezo: ndoo au kopo la maziwa lililotoboka lisizibwe kamwe kwa lehemu yenye risasi, wala chuma kilichotumika kwa waya kisitumike kuziba chombo cha chakula. Maziwa yakianza kuchachuka huiyeyusha risasi na kuichukua.

Gari likisharudi kazini, liendeshe na taa zote zikiwaka hadi Usa River na kurudi. Zima injini, fungua waya hasi, kisha shika kiungo kwa vidole, na mkono wa pili ushike waya ule ule shibiri moja mbele yake. Vikiwa sawa kwa joto, funga utepe wako juu ya bomba. Kiungo kikiwa na moto kuliko waya, kikate, uanze tena na chuma kikubwa zaidi, kabla ya siku ya soko.